Kauri za Kichina Zenye Nembo za Koo za Ulaya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wale waliokutana na sahani ya Kichina yenye nembo ya Kizungu, iwe mnadani, kwenye duka la vitu vya kale au nyuma ya kioo cha makumbusho, wakajiuliza imekuwaje. Tumeanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye yale yenye utata. Jibu likiwa limeshatolewa mahali pengine, tunakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

1. Hizi ni kauri za aina gani hasa?

Ni vyombo vya mezani vilivyotengenezwa China kwa oda ya mteja wa Ulaya, na baadaye wa Marekani, vikachorwa nembo ya ukoo wake. Kuna sahani, mabakuli makubwa ya supu yenye vifuniko, mabuli, vikombe, majagi na hata vikopo vya chumvi. Udongo ni wa Kichina, tanuri ni la Kichina na mikono iliyochora ni ya Wachina. Nembo ni ya mteja, na mara nyingi umbo la chombo pia ni lake: bakuli la supu au kinara cha mshumaa kiliigwa kutoka kwenye chombo cha fedha kilichoagizwa kipelekwe kama kielelezo.

Zama zake kubwa ni karne ya 18. Kwa soko la Uingereza peke yake zimetambuliwa seti zipatazo 4,000, na za Sweden ni takriban 300. Seti moja ya chakula cha jioni ingeweza kuwa na vipande zaidi ya 100, ndiyo maana bado zinaonekana sokoni.

2. Zilianza lini na zilikoma lini?

Wareno ndio waliotangulia. Kuna birika za bluu na nyeupe zenye nembo ya kifalme ya Ureno na tufe la falaki, alama ya Mfalme Manuel I, aliyefariki mwaka 1521. Nyingine kati ya hizo nembo imechorwa miguu juu kichwa chini, jambo tunalolirudia katika swali la 7. Lipo pia bakuli lenye maandishi ya Kireno yanayomtaja Pero de Faria, kapteni wa Malacca, bandari ya Wareno kusini-mashariki mwa Asia, na mwaka 1541.

Waingereza walianza kuagiza kwa wingi mwishoni mwa karne ya 17 na mwanzoni mwa karne ya 18. Miongoni mwa wa mwanzo alikuwa Thomas Pitt, gavana wa Madras, India. Kuanzia miaka ya 1720 oda zilifurika. Mwaka 1791 Kampuni ya Uingereza ya East India iliacha kuingiza kauri kwa shehena zake yenyewe. Ushuru ulikuwa umepanda, na viwanda vya Kiingereza vilikuwa vinauza vyombo vizuri kwa bei nafuu bila mteja kungoja meli. Oda za watu binafsi ziliendelea hadi karne ya 19, lakini zikipungua.

3. Kwa nini waagize China, wakati Ulaya kulikuwa na wafinyanzi?

Kwa sababu kwa karne nyingi hakuna mtu Ulaya aliyejua kutengeneza kauri ya kweli, ile ngumu, nyeupe, inayopitisha mwanga na kulia ukiigonga. Siri hiyo ilipatikana Saxony, Ujerumani, kati ya 1708 na 1710 kwa kazi ya Johann Friedrich Böttger, na kiwanda cha Meissen kikaanzishwa mwaka 1710. Hata baada ya hapo, kauri ya Meissen ilikuwa ghali mno. Jingdezhen, mji wa wafinyanzi katika jimbo la Jiangxi nchini China, ulikuwa na kaolini (udongo mweupe wa kauri), kuni, na maelfu ya mafundi waliogawana kazi kiasi kwamba padri Mjesuiti François Xavier d'Entrecolles, katika barua zake za 1712 na 1722, alieleza jinsi chombo kimoja kilivyopita mikono mingi kabla ya kukamilika.

4. Walioagiza walikuwa wafalme na makabaila?

Baadhi, ndiyo. Lakini ukitaka kuzielewa kauri hizi, acha kufikiria kasri, fikiria ofisi ya biashara. Sehemu kubwa ya wateja walikuwa wakurugenzi wa kampuni za biashara, manahodha, wakuu wa shehena, mawakili, wenye benki na wenye mashamba ya miwa ya Karibi, yaliyoendeshwa kwa jasho la watumwa. Wengi walikuwa matajiri wapya, na mtu aliyepata nembo jana alitaka wageni wake waione leo, chini ya mchuzi.

Malipo kule China yalikuwa kwa fedha halisi, nyingi ikiwa imechimbwa Meksiko na Peru. Kwa hiyo sahani moja ilihusisha migodi ya Amerika, tanuri za Jiangxi na meza ya Devon au Gothenburg.

## Kutoka oda hadi mezani

5. Mteja aliyekaa Uingereza alipelekaje oda yake?

Kampuni za biashara zenyewe zilijishughulisha zaidi na bidhaa za jumla: chai, hariri na sahani za kawaida. Vyombo vyenye nembo vilipita kwenye biashara binafsi. Maofisa wa meli waliruhusiwa nafasi fulani ya mzigo wao wenyewe, na mteja alimpa nahodha au mkuu wa shehena mchoro pamoja na maelezo: sahani ngapi, za ukubwa gani, na ukingo wa namna gani.

Mfano unaofaa kukumbukwa ni wa Leake Okeover wa Staffordshire. Mchoro wake wa rangi, uliotumwa China kama kielelezo, bado upo, na umeandikwa agizo kwamba urudishwe. Seti yake ilifika kwa mafungu mapema miaka ya 1740. Ukiweka mchoro na sahani bega kwa bega unaona jinsi mchoraji alivyoufuata mstari kwa mstari.

Wengine hawakujisumbua kuchoresha. Walituma kile kikaratasi chenye nembo ambacho matajiri walikibandika ndani ya vitabu vyao, na ndiyo maana baadhi ya nembo kwenye sahani zina mistari myembamba kama ya chapa (angalia swali la 10). Kungoja kulichukua kama miaka miwili, wakati mwingine zaidi, kwa kuwa meli zilifuata misimu ya pepo.

6. Nembo zilichorwa Jingdezhen au Canton?

Inategemea rangi. Bluu ya kobalti hupakwa chini ya glezi (ule utando unaong'aa kama kioo) kabla chombo hakijachomwa kwenye joto la takriban nyuzi 1,300, hivyo nembo ya bluu ilichorwa Jingdezhen kwenyewe. Rangi nyingine, yaani nyekundu, waridi, kijani, nyeusi na dhahabu, hupakwa juu ya glezi na kuchomwa tena kwenye moto mdogo zaidi. Hiyo ingeweza kufanyika popote penye tanuri dogo.

Hapo mwanzo kazi yote ilifanyika Jingdezhen. Kadiri karne ya 18 ilivyosonga, vyombo vyeupe au vyenye ukingo wa bluu tu vilishushwa hadi Guangzhou, mji ambao Wazungu waliuita Canton, vikachorewa nembo kwenye karakana za huko. Njia ilikuwa ya mito, isipokuwa kwenye kivuko cha Meiling ambako mizigo ilibebwa na wapagazi mabegani kuvuka mlima. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842 Canton ilikuwa bandari pekee iliyofunguliwa kwa Wazungu wa Magharibi, na wao walitakiwa wafanye biashara na wafanyabiashara maalumu walioidhinishwa. Karakana kuwa jirani na mteja kuliokoa muda, na mkuu wa shehena aliweza kukagua kazi kabla haijafungwa.

7. Ni kweli kuna sahani zilizochorwa makosa ya kuchekesha?

Ni kweli. Kaulimbiu za Kilatini zilikosewa herufi, nembo zilipinduliwa, na rangi zilibadilishana nafasi. Kuna hadithi inayosimuliwa sana ya mteja aliyeandika majina ya rangi kwenye mchoro wake, "nyekundu" hapa, "kijani" pale, akaletewa sahani zenye maneno hayo yamechorwa vizuri kabisa kwenye ngao.

Ila tusiwacheke mafundi. Mchoraji wa Canton alikuwa anaona simba mwenye mkia wa ajabu na herufi asizozijua, na kazi yake ilikuwa kunakili kilicho mbele yake. Alichoona ndicho alichochora. Mara nyingi aliyekosea ni aliyetuma kielelezo kisichoeleweka. Samuel Shaw, mkuu wa shehena wa Kimarekani, alilalamika kwamba wachoraji wa Canton walikuwa hodari wa kunakili lakini hakumpata wa kumuunganishia picha kutokana na maelezo peke yake.

Kwa mkusanyaji, kosa si kasoro. Huongeza hamu ya wanunuzi.

8. Vyombo vinavyovunjika upesi hivi vilivukaje bahari?

Vilifungwa kwenye masanduku na kuwekwa chini kabisa ya ngama. Kauri ni nzito na haiharibiki kwa maji, kwa hiyo iliituliza meli na kuiinua chai juu ya unyevu. Meli ya Kiholanzi Geldermalsen, iliyozama Januari 1752 katika Bahari ya China Kusini, ilibeba kauri ambayo takriban vipande 150,000 vyake viliokolewa. Vilipoopolewa na Michael Hatcher mwaka 1985 na kupigwa mnada Amsterdam mwaka 1986, vingi vilikuwa kama vipya. Hizo zilikuwa bidhaa za jumla. Vyombo vya nembo vilikuwa sehemu ndogo tu ya biashara nzima ya kauri.

## Kusoma nembo

9. Nina sahani yenye ngao. Nianzie wapi?

Anzia kwenye ngao, si kwenye maua ya pembeni. Sahani ya kawaida ina kipenyo cha kama sentimita 23 na nembo huwa katikati au juu ya ukingo. Piga picha ya karibu, kisha tazama vitu hivi kwa mpangilio.

Kwanza, je, ngao imegawanywa katikati kwa mstari wa wima? Hiyo ni ndoa. Upande ulio kushoto kwako wewe mtazamaji ni wa mume, wa kulia ni wa mke. Ukiona badala yake kingao kidogo kimewekwa katikati ya ngao kubwa, mke alikuwa mrithi, hana kaka. Ngao yenye umbo la uru kwenye karata ni ya mwanamke asiye na mume au mjane.

Pili, tazama juu. Mnyama, mkono au mti unaosimama juu ya msokoto mdogo ni alama ya kofia ya chuma. Taji huonyesha cheo, na idadi ya vitufe na majani yake hutofautiana kati ya vyeo vya makabaila wa Kiingereza: baron, viscount, earl na kuendelea. Tatu, tafuta kiganja chekundu kilichofunguliwa ndani ya ngao. Hicho humtambulisha baronet, mwenye cheo cha kurithi kilicho chini ya baron. Mwisho ndiyo kaulimbiu, na uiamini kwa tahadhari kwa sababu za swali la 7.

Ndoa na vyeo vina tarehe kwenye kumbukumbu za Ulaya. Sahani yenye nembo ya mume na mke haikutengenezwa kabla ya harusi yao, na yenye taji haikuagizwa kabla ya cheo. Hapa ndipo kauri hizi zinapoipita karibu kauri yoyote nyingine ya biashara ya China: nyingi zinaweza kuwekewa tarehe kwa tofauti ya miaka michache tu. David Sanctuary Howard, ambaye orodha yake kubwa ya seti za Uingereza ilitoka mwaka 1974, alitumia tarehe hizo kupanga hata mitindo ya mapambo (swali la 13).

10. Nembo yangu ni ya rangi nyeusi tu. Nitajuaje rangi zake?

Tafuta lenzi. Tangu karne ya 17 wachoraji wa chapa walikuwa na utaratibu wa kuonyesha rangi kwa mistari: nukta ni dhahabu, sehemu tupu ni fedha, mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni bluu. Mshazari unaoshuka kutoka kushoto kwako kwenda kulia ni kijani, ukielekea upande mwingine ni zambarau, na wima ikikatana na mlalo ni nyeusi. Mchoraji wa Kichina aliyenakili kikaratasi cha chapa alinakili na mistari hiyo, pengine akidhani ni pambo. Kwa hiyo sahani isiyo na rangi inaweza kukupa rangi zote.

Wakati mwingine alikosea mwelekeo wa mistari. Ukipata ukoo ambao kila kitu kinalingana isipokuwa rangi moja, usiutupe mapema.

11. Ukoo wenye nembo hii una jina kama la mkwe wangu wa Kiingereza. Ni ya familia yao?

Jina peke yake halitoshi. Uingereza nembo hupewa mtu na wazao wake, si kila mwenye jina hilo, na walio nazo wamesajiliwa kwenye College of Arms, iliyoanzishwa mwaka 1484. Kinyume chake nacho kipo: matajiri wengi wa karne ya 18 walitumia nembo wasizokuwa na haki nazo na hakuna aliyewakamata. Anza na nembo uende kwa mtu, usianze na jina.

12. Kuna herufi mbili zilizosukwa ndani ya ngao, hakuna wanyama wala mistari. Hii nayo inahesabika?

Inahesabika kama jamaa wa karibu. Mwishoni mwa karne ya 18 wateja wengi wasio na nembo, hasa Wamarekani, waliagiza herufi za majina yao ziwekwe kwenye ngao ya mapambo. Wengine waliweka alama ya juu pekee bila ngao. Kumtambua mwenyewe ni vigumu zaidi, na bei hushuka kwa sababu hiyo. Herufi "J.B." zinaweza kuwa za yeyote.

## Tarehe, uhalisi na mitego

13. Kama siitambui nembo, mapambo yanaweza kunipa tarehe?

Kwa makadirio. Bluu ya chini ya glezi pamoja na nyekundu ya chuma na dhahabu ni ya miongo ya mwanzo ya karne ya 18. Rangi ya waridi, ambayo hutengenezwa kwa dhahabu, ilienea kuanzia miaka ya 1720, kwa hiyo ua la waridi kwenye ukingo huondoa tarehe za kabla ya hapo. Ukingo wa dhahabu wenye ncha kama za mikuki ni wa kati ya miaka ya 1730 na 1760. Kuelekea 1780 na 1790 mapambo yanatulia: mkanda wa bluu wenye nyota za dhahabu, ngao ndogo, nafasi kubwa nyeupe.

Mtindo ulichelewa kufika au kuondoka, kutegemea nani alituma kielelezo kipi. Nembo na mapambo vikigongana, ifuate nembo.

14. Chini hakuna muhuri wowote. Ni feki?

Hapana. Kauri nyingi za soko la nje hazina alama chini. Kinyume chake, muhuri unaosomeka vizuri wa mfalme wa China chini ya sahani yenye nembo ya Kiingereza unapaswa kukutia wasiwasi.

Tazama badala yake mguu wa chombo. Ukingo wa chini usio na glezi mara nyingi una msitari wa kahawia ya chungwa pale glezi inapokomea. Glezi ina vishimo vidogo na haikulala sawasawa. Inamishe sahani kwenye mwanga wa dirisha: rangi zimeinuka kidogo juu ya glezi na unazihisi kwa kidole, dhahabu imesuguka mahali vidole vilipokuwa vikishika, na katikati kuna mikwaruzo ya visu iliyopita huku na huku bila mpangilio. Mikwaruzo yote ikielekea upande mmoja, kuna mtu aliyetumia msasa.

15. Nakala za kawaida zinatoka wapi?

Jina utakalolisikia zaidi ni Samson wa Paris, kiwanda kilichoanzishwa na Edmé Samson mwaka 1845 na kufanya kazi hadi 1969. Kilitengeneza nakala za kila kitu, na sahani za nembo zilikuwa kati ya bidhaa zake zilizouzika sana. Udongo wake huwa na weupe tofauti, mchoro ni nadhifu kupita kiasi, na mara nyingi chini kuna alama nyekundu inayojifanya Kichina. Leo Samson nzuri ina wanunuzi wake, mradi iuzwe kwa jina lake.

Nakala mpya kutoka China yenyewe ni tatizo gumu zaidi, kwa kuwa udongo ni uleule. Kwa kipande cha bei kubwa, usinunue kwa picha za simu.

16. Muuzaji ameiita "Lowestoft". Si mji wa Uingereza huo?

Ndiyo, na palikuwa na kiwanda kidogo cha kauri hapo. Katika miaka ya 1860 mwandishi William Chaffers alidai kauri hizi zilitengenezwa au kuchorwa Lowestoft. Hilo lilishakanushwa zamani, lakini jina limeng'ang'ania, hasa Marekani. Muuzaji anayelitumia si lazima awe mdanganyifu. Huenda amerithi lebo tu.

17. Sahani yangu ina nembo na jina la mji au nchi, si la mtu.

Hiyo ni ya kundi la sahani za karibu mwaka 1720 zilizotengenezwa kwa soko la Uholanzi, zenye nembo za majimbo, miji na nchi kama Amsterdam, Utrecht, Zeeland, Uingereza na Ufaransa, majina yakiwa yameandikwa kwa tahajia za kubahatisha. Hazikuagizwa na ukoo wowote, ziliuzwa dukani kama mapambo. Zinatafutwa sana, na zimenakiliwa sana, kwa hiyo rudi swali la 15.

18. Nina sahani mbili za seti moja lakini udongo wake si sawa.

Huenda zote ni halali. Sahani zilivunjika, na badala ya kungoja miaka miwili tena familia ilipeleka moja kwa kiwanda cha Kiingereza, kama Spode au Worcester, itengenezewe za kujazia. Kipande cha kujazia kwa kawaida ni chepesi kukitambua ukikiweka karibu na cha Kichina: weupe ni mwingine na mchoraji anaelewa anachochora, simba ana uso wa simba.

Hali nyingine ni chombo cha Kichina kilichofika Ulaya kikiwa cheupe au na mapambo machache, kikaongezewa rangi Uholanzi au London. Udongo utakwambia China na nembo itakwambia Ulaya, na zote mbili zitakuwa zinasema kweli.

## Seti chache zenye historia

19. Ni seti zipi zinazotajwa mara nyingi?

Ya Lee wa Coton, ya miaka ya 1730, ina nembo katikati na ukingoni vijipicha vya London na vya Canton. Mchoraji ambaye hakuwahi kuiona London aliichora pamoja na mto wake, kisha akauchora mji wake mwenyewe kwa mkono uleule.

Ya George Anson ndiyo yenye kisa. Mwaka 1743 Anson alifika Canton na meli yake ya kivita Centurion, akiwa ameteka jahazi la hazina la Wahispania. Moto ukazuka mjini na mabaharia wake wakasaidia kuuzima. Inasimuliwa kwamba wafanyabiashara walimpa seti ya kauri kama shukrani. Iwe zawadi au oda, katikati kuna mti wa shelisheli na mnazi, kumbukumbu ya kisiwa cha Tinian, katika Bahari ya Pasifiki, kilichookoa wagonjwa wake wa kiseyeye, na ukingoni kuna ghuba ya Plymouth Sound ya Uingereza na Mto wa Lulu wa Canton. Iko Shugborough, Staffordshire.

Ya George Washington si ya ukoo bali ya chama cha maofisa wa vita vya uhuru, Society of the Cincinnati. Beji yenye tai inashikwa na malaika mwenye tarumbeta, kufuatana na mpango wa Samuel Shaw wa swali la 7, aliyesafiri na meli Empress of China iliyoondoka New York Februari 1784. Washington alinunua vipande 302 mwaka 1786.

## Pwani ya Afrika Mashariki

20. Mabakuli ya Kichina kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui ni ya aina hii?

Hapana. Yale yaliletwa na biashara ya Bahari ya Hindi na kununuliwa na watu wa pwani kwa ajili yao wenyewe, kama zile sahani zilizopangwa kwenye zidaka za nyumba za Lamu. Waungwana wa pwani walikuwa wanamiliki kauri ya Kichina karne kadhaa kabla ya Mreno wa kwanza kuagiza nembo yake, na vipande vya Gedi na Kilwa vinathibitisha. Hawakuhitaji kuandikiwa jina. Kuipachika kwenye chokaa ya kaburi kulitosha kusema marehemu alikuwa nani.

Mabakuli mengi yamebanduliwa na kuibwa. Ukiuziwa bakuli lenye chokaa ya kale nyuma, kaa nalo mbali. Magofu na makaburi hayo yanalindwa na sheria ya mambo ya kale ya 1964 nchini Tanzania na ya makumbusho na urithi ya 2006 nchini Kenya.

21. Naweza kuona wapi kauri ya Kichina iliyosafiri na Wareno bila kwenda Ulaya?

Fort Jesus, Mombasa. Meli ya Kireno Santo António de Tanná ilizama chini ya ngome mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira, na wapiga mbizi waliichunguza kati ya 1977 na 1980. Kauri ya Kichina ni sehemu ya vilivyopatikana. Kwa vyombo vya nembo hasa, utalazimika kufika Victoria and Albert Museum ya London, Metropolitan ya New York, Peabody Essex ya Salem au Winterthur ya Delaware.

## Kununua na kutunza

22. Zinauzwa bei gani?

Sahani ya ukoo usio maarufu, yenye kasoro ndogo, huweza kupatikana kwa dola mia chache au pungufu. Nembo nzuri kubwa, umbo adimu au jina kubwa hupandisha hadi maelfu, na bakuli la supu zima lenye kifuniko na sinia lake hupita hapo. Ufa au kumeguka hushusha bei sana, kwa hiyo mwenye kipato kidogo aanze na sahani yenye ufa na nembo inayosomeka. Kihistoria haijapoteza kitu.

23. Nitagunduaje kama imekarabatiwa?

Iweke kwenye ncha za vidole na uigonge polepole kwa ukucha. Nzima hulia kwa sauti ndefu, yenye ufa hutoa mlio butu. Kisha iangalie gizani kwa taa ya miale ya urujuanimno, maana rangi na gundi za kisasa mara nyingi hung'aa tofauti na glezi. Pitisha ncha ya kidole ukingoni: sehemu iliyojazwa huhisiwa vuguvugu na laini kuliko kauri.

24. Naweza kuilia chakula?

Usifanye mazoea. Rangi za juu ya glezi zina madini ya risasi, na vyakula vyenye ndimu, siki au nyanya huitoa. Mikrowevu haifai kabisa kwa sababu ya dhahabu.

25. Nioshe vipi, na nitundike vipi?

Osha kipande kimoja kimoja kwenye beseni la plastiki, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, bila dodoki la kukwaruza. Usiguse dhahabu kwa nguvu, kwani ilichomwa kwa moto mdogo na haikushika sana. Dawa ya kung'arisha nguo isikaribie sahani yenye ufa. Kama kipande kimeunganishwa kwa gundi au kwa pini za chuma za zamani, usikitumbukize majini, kipanguse tu.

Vile vishikizo vya waya vyenye springi humega ukingo na kusugua dhahabu. Tumia kigango cha kubandika nyuma kwa gundi inayotoka kwa maji, au stendi yenye mipira, na usiitundike juu ya kitanda wala mlango unaobamizwa.